Betri moja, tuzo tatu, na Mmoroko aliyebaki nje ya mlango

Kisa hiki kilinishika nikiwa Kariakoo, mtaa wa Aggrey. Nilipeleka simu, betri imevimba mpaka kioo kimenyanyuka upande mmoja, fundi akaitoa akaniwekea nyingine, na kwa vile nilikuwa namsumbua na maswali akavuta droo akanionyesha betri iliyokufa kabisa ambayo aliimaliza chaji na kuifungua siku nyingi ili amfundishie kijana wake (ya kwako usiiguse jamani, betri yenye chaji ukiitoboa na bisibisi inakuwakia mkononi). Ndani hamna kile kijiti cheusi cha betri za tochi. Kuna tepe mbili ndefu zimekunjwa pamoja kama mkeka, moja ya aluminiamu, nyingine ya shaba, zote zimepakwa unga mweusi, na katikati kuna plastiki nyeupe nyembamba ya kuzitenganisha. Fundi akakwangua ule unga wa kwenye shaba kwa ukucha, kidole kikabaki na weusi unaong'aa kama umechora na penseli. "Hiki kinywe, bro. Mi nilikuwa Mirerani, tulikuwa tunatoka shimoni tunang'aa hivihivi mwili mzima."

Basi huo unga wa kwenye shaba, kinywe, yaani grafiti, kaboni ileile ya penseli, ndo kisa chenyewe. Mtu anayetajwa sana kuwa wa kwanza kuonyesha kwamba kwa umeme unaweza kuisukuma lithiamu ikaingia ndani ya kinywe, ikatoka, ikaingia tena, ikatoka tena, na kinywe kikabaki kizima, anaitwa Rachid Yazami. Mzaliwa wa Fez, Moroko, mwaka 1953. Wakati anafanya hilo, kama mwaka 1980 hivi, alikuwa na miaka 27 tu, mwanafunzi wa udaktari kule Grenoble, Ufaransa. Sasa tarehe 9 Oktoba 2019 Stockholm ikatangaza Tuzo ya Nobel ya kemia kwa kazi ya kuendeleza betri za lithiamu-ioni, betri hizihizi za mfukoni mwetu, na majina yakawa matatu: John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino. La Yazami halimo.

Nimeisoma kesi hii kwa muda mrefu na msimamo wangu nauweka mezani mapema. Wale watatu walistahili, kila mmoja wao, sitaki mtu aje aseme nawapinga wazee wa watu. Kilichoniuma ni kipimo. Kamati ilitumia kipimo kimoja kumwingiza mmoja na kipimo kingine kumwacha mwingine, na nitaonyesha ni wapi. Ila huwezi kuona hilo bila kujua betri ilijengwa vipi, kwa hiyo tuanze mwanzo.

Mwaka 1973 nchi za Kiarabu zilibana mafuta, bei ikapanda, dunia ikashikwa na hofu. Kampuni ya Exxon, watu wa petroli kabisa, ikaanza kutafuta nishati nyingine na ikawa imeajiri vijana wa kemia, mmoja wao Whittingham, Mwingereza aliyezaliwa Nottingham. Whittingham akaja na kampaundi ya titani na salfa ambayo imekaa tabaka juu ya tabaka, fikiria chapati iliyosukumwa vizuri ile inayochambuka, na lithiamu inajipenyeza katikati ya tabaka bila kuharibu chochote. Hilo la kujipenyeza na kutoka ndo msingi wa kila kitu kilichofuata, tukumbuke hapo. Upande wa pili wa betri yake aliweka lithiamu yenyewe, metali tupu. Betri ikafanya kazi kwenye joto la kawaida, volti mbili na kidogo, mwaka 1976 ikatangazwa.

Shida ikawa moto. Lithiamu tupu ukiichaji mara nyingi inaota vijiti vidogo kama sharubu, vinakua mpaka vinagusa upande wa pili, hapo ni shoti na moto. Zimamoto waliitwa kwenye ile maabara mara nyingi mpaka wakatishia kuanza kuwatoza gharama za kemikali maalumu za kuzimia lithiamu. Alafu miaka ya 80 mwanzoni bei ya mafuta ikashuka, Exxon ikaachana na mradi, Whittingham akabaki na ujuzi wake.

Wakati huo Goodenough yuko Oxford. Huyu mzee alizaliwa Jena, Ujerumani, 1922, akakulia Marekani, akafanya kazi miaka mingi MIT kwenye vitu vya kumbukumbu za kompyuta kabla ya kwenda Uingereza 1976. Yeye aliwaza hivi, kama salfa inatoa volti mbili basi oksijeni itatoa zaidi, watafute oksidi yenye tabaka. Mwaka 1980 yeye na wenzake, akiwemo Koichi Mizushima kutoka Japani, wakatoa oksidi ya kobalti na lithiamu. Volti nne. Ukitoa betri ya simu yako leo ukaisoma mgongoni utakuta 3.7V au 3.85V, hesabu hiyo imetoka pale. Oxford hawakutaka kulipia patenti, haki zikaishia kwenye maabara ya serikali ya Uingereza kule Harwell, na Goodenough hakupata kitu kwenye mabilioni yaliyokuja baadaye. Na hiyo kobalti, kwa wasiojua, zaidi ya theluthi mbili ya inayochimbwa duniani inatoka Kongo, Kolwezi na maeneo yale, kwa watu wanaoongea Kiswahili kama mimi na wewe.

Kwa hiyo kufikia 1980 upande wa chanya umepatikana. Upande wa hasi, ule wa shaba, bado ni tatizo, maana lithiamu tupu inaua. Ilihitajika kitu cha kuipokea lithiamu, kuihifadhi, na kuiachia kwa upole.

Sasa hapo ndo Grenoble inaingia na hapa naomba msinikimbie, maana hii ndo sehemu inayorukwa kila mahali. Watu walishajua zamani kwamba kinywe kinaweza kubeba lithiamu, wanakemia wa Ufaransa walishatengeneza kampaundi ya lithiamu na kinywe kabla yake, atomu sita za kaboni kwa lithiamu moja. Ila kukifanya kwa umeme ndani ya betri ilikuwa inashindikana. Kinywe ni tabaka za kaboni zilizolaliana kilegevu, ndo maana penseli inaandika, tabaka zinateleza zinabaki kwenye karatasi. Ukikitumbukiza kwenye elektrolaiti (kile kitu cha katikati ya betri ambacho lithiamu hupita ndani yake) za kimiminika za wakati ule ukaanza kuchaji, lithiamu haingii peke yake, inaingia na ile molekuli ya kimiminika iliyoishikilia, molekuli kubwa, inapanua tabaka mpaka kinywe kinavimba na kumomonyoka kama udongo. Kule Munich Jürgen Besenhard na wenzake walishaliona hilo tatizo miaka ya 70.

Yazami akakipita kikwazo kwa njia ya upande. Akaachana na kimiminika. Akatumia elektrolaiti ya polima, kitu kigumu kama plastiki kinachopitisha ioni (atomu zenye chaji), ambacho hakina molekuli za kujipenyeza kwenye tabaka. Lithiamu ikaingia peke yake. Ikatoka. Ikarudi. Kinywe kikabaki kinywe. Yeye na Philippe Touzain wakachapisha 1983. Nikiifikiria hii huwa nasisimka kweli, kijana wa Fez, bado hajamaliza hata udaktari, anakuta watu wote wanasema mlango huu haufunguki kumbe shida haikuwa mlango, shida ilikuwa kile walichokuwa wanaingia nacho.

Alafu Japani. Akira Yoshino, Asahi Kasei, kampuni ya kemikali. Yeye hakutumia kinywe. Alianza na plastiki inayopitisha umeme, haikumridhisha, akahamia kwenye kaboni za aina nyingine, akaishia na koki, yale makaa yanayobaki ukishasafisha mafuta ghafi. Koki ina kaboni ambayo haijapangika vizuri kama kinywe, kwa hiyo kile kimiminika hakiwezi kuibomoa kirahisi. Akaunganisha koki upande mmoja na oksidi ya kobalti ya Goodenough upande wa pili, mwaka 1985, hakuna lithiamu tupu popote. Akaijaribu kikatili, akaangusha kipande kizito cha chuma juu ya betri yake, ikapondeka na hakukuwa na mlipuko. Akafanya vilevile kwa betri yenye lithiamu tupu, ikalipuka. Mwenyewe anahesabu siku ile kuwa ndo betri ya lithiamu-ioni ilizaliwa, na mi namkubalia, maana bila usalama hamna soko. Mwaka 1991 Sony wakaitoa madukani, kazi ikiongozwa na Yoshio Nishi, nayo ilikuwa na koki.

Kinywe kilirudi baadaye kidogo. Mwaka 1990 kundi la Jeff Dahn kule Kanada lilieleza jinsi kimiminika cha aina nyingine kinavyotengeneza ngozi nyembamba juu ya kaboni mara ya kwanza ukichaji, ngozi inayoruhusu lithiamu na kuzuia mengine. Kwa ngozi hiyo kinywe kikaweza kuishi ndani ya kimiminika, na katikati ya miaka ya 90 viwanda vikahamia huko kwa sababu kinabeba chaji nyingi zaidi kuliko koki na volti yake haiyumbi. Tangu hapo hakijaondoka. Karibu kila simu, kila laptop, kila gari la umeme unaloliona lina kinywe upande wa shaba, kwenye gari moja ni makumi ya kilo.

Haya, tuje kwenye tuzo, maana hapo ndo kesi inapata sura yake.

Mwaka 2012 IEEE, jumuiya kubwa ya wahandisi wa umeme na elektroniki, ilitoa medali yake ya teknolojia ya mazingira na usalama kwa betri hii. Majina matatu: Goodenough, Yazami, Yoshino.

Mwaka 2014 chuo cha taifa cha wahandisi wa Marekani kikatoa Tuzo ya Charles Stark Draper, dola 500,000, hii kwa wahandisi ni heshima ya juu kabisa. Majina manne: Goodenough, Nishi, Yazami, Yoshino. Mwaka huohuo mfalme Mohammed VI akamvisha Yazami nishani kwao Moroko.

Mwaka 2019, Nobel. Majina matatu: Goodenough, Whittingham, Yoshino.

Betri ni ileile, hakuna kilichovumbuliwa katikati hapo, orodha tatu tofauti. Goodenough na Yoshino wako kote. Yazami yuko mbili za kwanza, ya mwisho anaanguka. Whittingham hayuko mbili za kwanza, ya mwisho anaingia. Nishi ni 2014 tu. (Kuna zingine walizopewa mmojammoja, Goodenough alipata ya Enrico Fermi mwaka 2009 ambayo Marekani wanaitoa kwa mambo ya nishati, Yoshino alipata Global Energy ya Urusi mwaka 2013 na Japan Prize 2018, ila hizo hazina mgogoro kwa sababu mtu mmoja anatajwa kwa kazi yake basi.)

Ukiangalia hivi unaona tuzo haipimi tu nani alifanya nini, inaamua pia kitu kinaanzia wapi na kinaishia wapi. Wahandisi wa Draper waliuliza nani alifanya hii betri ifike kwa mtu, kwa hiyo wakamtaka mtu wa Sony na wakataka anodi (ule upande wa hasi) inayotumika viwandani, Whittingham akakosa kwa sababu betri yake haikukaa sokoni. Stockholm wao wakauliza wazo lilizaliwa wapi na likakamilika wapi, wakaanza na Whittingham wa kujipenyeza, wakapita kwa Goodenough wa volti nne, wakafunga na Yoshino wa betri salama. Hadithi nzuri, ina mwanzo, kati na mwisho, mtoto wa shule anaielewa. Na inatosha watu watatu kamili.

Hapo kwenye watatu tusimame. Alfred Nobel aliandika wosia wake Paris tarehe 27 Novemba 1895, akasema mtu aliyefanya ugunduzi au uboreshaji mkubwa wa kemia. Mtu, yaani umoja. Kanuni za taasisi zilizokuja baadaye zikalegeza, lakini zikaweka ukuta: zawadi isigawanywe kwa zaidi ya watu watatu kwa hali yoyote. Kwa zamani labda ingeeleweka. Kwa betri iliyojengwa New Jersey, Oxford, Grenoble na Japani ndani ya miaka 20, haiingii. Na sio betri peke yake, mwaka 2013 fizikia walipewa Higgs na Englert kwa wazo ambalo mwaka 1964 lilitolewa na watu sita kwenye makundi matatu ndani ya miezi michache. Ukuta uleule.

Sasa nisikilize upande wa kamati, maana nisipofanya hivyo nitakuwa nashabikia tu. Wanaoitetea orodha ya 2019 wana hoja tatu nzito.

Ya kwanza, betri ya kwanza sokoni haikuwa na kinywe. Yoshino alitumia koki, Sony walitumia koki. Kwa hiyo ukisema umpe aliyefanya betri ya lithiamu-ioni iwezekane, Yazami hakuwa kwenye mnyororo wa moja kwa moja. Hii ni kweli na lazima ikubaliwe bila kupepesa macho, na naona Waafrika wengi tuliolalamika mitandaoni ile 2019 tulikuwa hatuijui kabisa, tunaandika kana kwamba Wajapani waliiba kinywe cha Yazami. Hawakuiba. Yoshino alipita njia yake mwenyewe.

Ya pili, jaribio la Yazami lilikuwa la maabara. Polima ya aina ile inapitisha ioni vizuri ikiwa ya moto, kwenye joto la kawaida inazubaa. Huwezi kuiweka kwenye simu. Ilionyesha kwamba inawezekana, haikutoa kifaa.

Ya tatu, hakuwa peke yake. Samar Basu wa Bell Labs, maabara ya Marekani, alikuwa na patenti za lithiamu na kinywe miaka ileile mwanzoni mwa 80. Besenhard alikuwa ameshachimba eneo hilo. Michel Armand, huyu naye ni wa Grenoble, ndo aliyeleta wazo la lithiamu kwenda na kurudi kama kiti cha kubembea bila lithiamu tupu upande wowote. Na Dahn alieleza kile kilichokifanya kinywe kifae sokoni. Ukimpa Yazami, hawa unawaambia nini?

Nijibu sasa. Hoja ya kwanza na ya pili zinaporomoka ukizipeleka kwa Whittingham. Ile kampaundi yake ya titani na salfa haiko kwenye simu ya mtu yeyote duniani. Betri yake ilikuwa inawaka mpaka zimamoto wanachoka, kampuni ikaitupa. Kama kigezo ni kuwa kwenye mnyororo wa bidhaa ya 1991, yeye anatoka. Alipewa kwa sababu ya wazo, alionyesha kwamba lithiamu inaweza kujipenyeza kwenye tabaka na kutoka mara nyingi, na wazo hilo likabeba kila kitu. Sawa kabisa, mi naunga mkono! Lakini kigezo hichohicho kipeleke upande wa pili wa betri. Nani alionyesha kwamba lithiamu inaweza kujipenyeza na kutoka kwenye kinywe? Kwa chanya wazo linatosha kupewa tuzo hata kama kifaa kilishindwa, kwa hasi wazo halitoshi mpaka kifaa kiuzwe. Hicho ndo nilichosema mwanzo, vipimo viwili.

Na ukitazama kwa macho ya leo inazidi kuuma. Titani na salfa haikukaa sokoni. Koki ya 1985 imeshaondoka. Hata kobalti ya 1980 inapunguzwa kila mwaka, magari mengi sasa yanatumia betri za chuma na fosfati ambazo hazina kobalti hata chembe (nazo zimetoka maabara ya huyuhuyu mzee Goodenough, akiwa Texas miaka ya 90, jamani yule mtu alikuwa na kipaji). Vyote vimebadilishwa badilishwa. Kilichobaki palepale karibu miaka 30 ni ule unga wa kwenye shaba aliokwangua fundi. Ukiwauliza watu wa viwanda ni kitu gani kimekuwa kigumu zaidi kukibadilisha kwenye betri watakwambia ni kinywe, wamejaribu kuchanganya silikoni kidogo kidogo, bado kinywe ndo kinashika sehemu kubwa.

Hoja ya tatu ndo inayonishinda, na sitajifanya nina jibu. Ni kweli ukimwingiza Yazami, Basu ana haki ya kuuliza, na Mizushima aliyekuwa na mikono yake ndani ya jaribio la kobalti ana haki ya kuuliza, na Nishi, na Armand, na Dahn. Hata Draper na nafasi zao nne walimwacha Whittingham, ambaye kwangu kumwacha ni kosa kubwa kama la Stockholm. Kwa hiyo sisemi nafasi ya nne ingemaliza mambo yote. Ninachosema ni kwamba kamati ikishajua ina nafasi tatu tu inaanza kuikata hadithi ili ienee kwenye nafasi, na pa kukatia panakuwa palepale ambapo hadithi ni ngumu kueleza. Anodi ya kinywe ina hadithi iliyozunguka: wazo Grenoble, bidhaa ya kwanza inatumia kitu kingine, alafu ufumbuzi Kanada, ndo kinywe kinarudi kushinda. Haikai vizuri kwenye mchoro wa hatua tatu. Ikakatwa.

Wangeweza kufanya nini? Kanuni za watatu sio wosia, Nobel mwenyewe hakuandika watatu popote, ni kanuni za taasisi na kanuni hubadilishwa. Tuzo ya Amani inapewa taasisi nzima na hakuna aliyekufa kwa hilo. Na hata bila kubadilisha kanuni, wangeweza angalau siku ile ya tangazo kuweka wazi mbele ya dunia kwamba betri iliyoko mfukoni mwenu leo upande wake mmoja haukutoka kwa hawa watatu, umetoka kwa fulani na fulani. Sentensi moja. Isingegharimu hata krona moja kati ya zile milioni 9.

Kuna kitu kimoja nakitilia maanani kwa upande wao, umri. Goodenough alikuwa na miaka 97, mtu mzee kuliko wote kuwahi kupewa Nobel, siku ile alikuwa London kwenda kupokea medali ya Copley. Watu walishaanza kuhesabu siku kwa hofu, na Nobel haipewi marehemu. Akafariki Juni 2023 akiwa na miaka 100. Nafikiri kamati ilijua ikiendelea kubishana kuhusu anodi itampoteza, na kumpoteza yeye bila tuzo ingekuwa aibu ya karne. Hilo nalielewa, na kama ndo lililowaharakisha siwalaumu kwa haraka hiyo.

Kwetu hiki kisa hakiko mbali kama kinavyoonekana. Mahenge kule Ulanga, Morogoro, kuna kinywe kingi sana, Ruangwa kule Lindi kwenye eneo la Nachu kuna kinywe, ukivuka Ruvuma unakuta Balama, Cabo Delgado, mgodi mkubwa ambao umeshasafirisha kinywe kwenda viwanda vya betri. Mirerani tulikuwa tunakiona kama uchafu unaozunguka tanzanite, mwanaapolo anajifuta anaendelea kutafuta jiwe la bluu. Wanasiasa wanasimama majukwaani wanasema dunia inahitaji kinywe chetu kwa ajili ya magari ya umeme, wananchi wanahamishwa na kulipwa fidia kwa sababu yake, na sijawahi kusikia hata mara moja mtu akitaja kwa nini hasa dunia inakihitaji, nani aligundua kwamba kina kazi hiyo. Mwalimu wa kemia pale Mahenge akitaka kumweleza mwanafunzi kwa nini mlima ule una thamani, ana jina la kumpa, na ni jina la mtu wa bara hilihili. Akifuata orodha ya Nobel atalikosa.

Yazami mwenyewe hakukaa kulia. Alikuwa mkurugenzi wa utafiti CNRS, taasisi ya utafiti ya Ufaransa, akafanya kazi na Caltech, chuo cha Marekani, tangu 2010 akaenda Singapore kwenye chuo cha Nanyang na akaanzisha kampuni yake ya mambo ya betri hukohuko. Fundi wangu wa Aggrey nilivyomsimulia aliuliza swali moja tu, "Kwa hiyo walimwacha kwa makusudi?" Nikamwambia hapo ndo hatujui na hatutajua karibuni, maana faili za Nobel, nani alimpendekeza nani na kamati iliandika nini juu yake, zinafungwa miaka 50. Za mwaka 2019 zitafunguliwa 2070. Kijana wake anayejifunza ufundi pale mezani ana miaka 17, akaanza kuhesabu kwa vidole, akasema atakuwa na sitini na kitu, atazisoma yeye.